Kiwanja kidogo kina adabu zake



Juma hili tunaleta habari ya gofu. Tunajua wengine mtacheka. Gofu ni mchezo wa watu wenye magari, unachezwa juu ya majani yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto mchanga, na sisi huku hata bustani ya lengalenga tunaipata baada ya kuvunja mawe ya volkano. Lakini tuna sababu ya kuandika. Sababu yenyewe ni kovu dogo kwenye paji la uso la msichana mmoja wa kelasi ya tatu, na wamama wawili walioacha kusalimiana kwa ajili ya kovu hilo.

Fimbo moja na mipira mitatu

Kijana mmoja wa mtaa wetu alirudi nyumbani kutoka Kampala. Kule alikuwa akibeba mikoba ya wachezaji wa gofu: anatembea nao kiwanja kizima, anawapa fimbo wanayoitaka, anautafuta mpira uliopotea. Aliporudi alileta fimbo moja fupi ya chuma, ile ya kupigia mpira ulio karibu na shimo, na mipira mitatu iliyochakaa. Jioni alikuwa anakuja kwenye kiwanja cha shule tunakofundisha, anachimba shimo dogo, anaweka mkebe wa tomate ndani yake, kisha anawaonyesha watoto namna ya kuupiga mpira uruke kidogo, uanguke, uviringike hadi mkebeni.

Watoto walimpenda. "Yaya, na mimi! Yaya, na mimi!" Lakini fimbo ilikuwa moja na watoto walipita hamsini. Hawakuchukua siku nyingi kupata dawa: walikata vijiti vya mikaratusi, na badala ya mipira wakachukua mawe. Mawe kwetu hayanunuliwi.

Siku ya posho moja, asubuhi, msichana yule alikuwa anapita pembeni ya kiwanja na bidoni ya maji mgongoni. Jiwe likamgonga kwenye paji la uso. Alianguka pamoja na bidoni yake. Kwenye kituo cha afya walimshona nyuzi nne, na muuguzi akamwambia mama yake kwamba jiwe lingeshuka kidogo tu, lingelipiga jicho.

Nani alipiga? Kila mtoto alisema si yeye. Mama wa msichana alimtaja mtoto wa jirani. Mama wa mtoto huyo akakataa, akasema mwanawe anasingiziwa. Na wamama hao wawili wako katika likelemba moja, ya watu kumi na wawili. Juma lililofuata zamu ya kupokea ilikuwa ya mmoja wao. Mwenzake akasema franga zake hazitatoka mpaka gharama ya kituo cha afya ilipwe. Wengine wakaanza kuchukua upande. Ninyi mnaojua likelemba mnaelewa: mmoja akifunga mkono wake, kumi na mmoja wanalala bila kujua kesho.

Kukataza hakukutosha

Sisi walimu tulifanya jambo la kwanza lililotujia kichwani. Direkta alikusanya vijiti vyote, vikawa kuni. Tukawatangazia watoto kwamba mchezo umekwisha.

Haukwisha. Ulihama. Watoto walienda kucheza nyuma ya nyumba, kwenye uwanda wa lava, mahali ambapo hakuna mkubwa anayepita. Kule mawe ni makali, na kuna nyufa ambazo mtoto akiingiza mguu hautoki salama. Tulikuwa tumeiondoa hatari mbele ya macho yetu na kuipeleka mahali tusipoiona.

Ndipo tukamwita yule kijana. Tulitegemea aombe radhi, na aliomba, kwa heshima, mikono nyuma. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu: "Walimu, kule nilipofika sikupewa fimbo. Nilifundishwa kwanza mahali pa kusimama. Watoto hawa mimi niliwapa fimbo bila kuwapa mahali pa kusimama. Kosa ni langu."

Tukamwomba aketi, atueleze hizo sheria moja moja.

Sheria za mapigo mafupi

Gofu ni hivi. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Kila shimo lina upana wa milimita 108, kama mdomo wa kikombe kikubwa, na mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Mchezaji anaanzia mbali, mara nyingi mamia ya meta, na anatakiwa kuuingiza mpira shimoni kwa mapigo machache kadiri awezavyo. Pigo la kwanza ni la nguvu, nalo ndilo watu wanalolipigia makofi. Akishafika karibu, nguvu haimsaidii tena. Hapo yanaanza mapigo mafupi: kuudokoa mpira uruke kidogo, na kuusukuma taratibu uviringike hadi shimoni. Mapigo hayo madogo yanachukua sehemu kubwa ya hesabu ya mwisho, ndiyo maana vilabu vinatenga mahali maalumu pa kuyafanyia mazoezi.

Mahali hapo ni padogo na watu ni wengi, kila mmoja na mpira wake, kila mmoja anaelekea upande wake. Bila adabu wangeumizana kila siku. Adabu zenyewe ni hizi.

Ya kwanza, kabla ya kuinua fimbo tazama mbele, nyuma na pembeni. Hakuna anayepiga kama kuna mtu mahali ambapo mpira unaweza kufika. Na mpira ukipotoka kuelekea kwa watu, paza sauti mara moja. Wachezaji wa dunia nzima wanatumia neno moja la Kiingereza, "Fore!", maana yake ni kuwaonya walio mbele. Kunyamaza kwa aibu ni kosa kubwa kuliko kupiga vibaya.

Ya pili, usisimame karibu na fimbo ya mwenzako wala nyuma yake. Subiri pembeni, mahali anapokuona. Akiwa anapiga, usiongee, usitembee.

Ya tatu, usikanyage njia ya mpira wa mwenzako, yaani ile ardhi iliyo kati ya mpira wake na shimo. Zunguka.

Ya nne, usije na kapu la mipira. Vilabu vingi vinaruhusu mipira michache tu kwenye mahali pa mapigo mafupi. Unapiga, unaokota ya kwako, unampisha anayengoja. Mwenye mipira mingi anachukua kiwanja chote hata kama amesimama mahali pamoja.

Ya tano, mahali pa kusukuma mpira si mahali pa kuudokoa. Majani ya karibu na shimo ni laini sana, na mpira unaoangukia hapo kutoka juu unayatoboa. Kwa hiyo vilabu vingi vinaweka sehemu mbili, kila moja na kazi yake.

Ya sita, acha ardhi kama ungependa kuikuta. Mpira ukiacha kishimo, kifunike. Fimbo ikitoa bonge la majani, lirudishe. Ukikanyaga mchanga, usawazishe kwa reki kabla ya kuondoka, kwa sababu anakuja mwingine nyuma yako.

Kijana alitueleza pia yale yaliyo katika kitabu cha sheria chenyewe. Sheria za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa huko Leith, Uskoti, mwaka 1744, nazo zilikuwa 13 tu. Za leo ni nyingi, lakini kanuni ya kwanza kabisa inamtaka mchezaji awe mkweli, awajali wenzake na akitunze kiwanja. Tangu mwaka 2019, mpira uliopotea unatafutwa kwa dakika 3 tu, si 5 kama zamani, na mchezaji anashauriwa apige ndani ya sekunde 40 zamu yake ikifika. Hata mazoezi yana mpaka wake. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, huruhusiwi kujizoeza ndani ya kiwanja chenyewe kabla ya mchezo wako wa siku hiyo. Unaweza kusukuma na kudokoa mpira kwenye sehemu ya mazoezi au karibu na pa kuanzia. Na ukishamaliza shimo moja, unaweza kujaribu pigo fupi hapo karibu kabla ya kwenda kwa lingine, mradi usiwacheleweshe wenzako.

Sisi walimu tulitazamana. Mtoto anayesukumana kwenye mstari, anayekanyaga daftari la mwenzake, anayeongea mwenzake akisoma: haya ndiyo tunayoyapigania kila asubuhi. Tulikuwa tunayaita nidhamu, na hatukuwahi kuyapa watoto kama mchezo.

Wanawake walianzia kwenye kipande kidogo

Jambo jingine linatuhusu sisi wamama. Chama cha gofu cha wanawake kilicho cha zamani kuliko vyote duniani kilianza mwaka 1867 katika mji wa St Andrews, Uskoti. Desturi ya wakati ule haikupenda mwanamke ainue fimbo kupita bega lake. Kwa hiyo viwanja vikubwa vilikuwa vya wanaume, na wanawake walibaki na kipande kidogo cha ardhi yenye vilima na vibonde, cha kusukumia mpira tu. Walikitunza. Kipande hicho kipo mpaka leo, watu wanakiita Himalaya, na bado kinachezewa. Klabu kubwa ya wanaume ya mji huo huo, iliyoanzishwa mwaka 1754, ilikubali kupokea wanachama wanawake mwaka 2014. Wamama, hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Mkenya Rose Naliaka alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuwa mchezaji wa kulipwa, kisha akafungua mahali pa kuwafundisha wasichana mchezo huo. Na mwezi wa Desemba 2019, wanawake wa nchi nyingi walishindana kule Vipingo, pwani ya Kenya, na mshindi alikuwa Esther Henseleit, msichana wa miaka 20 kutoka Ujerumani.

Tunayasema haya kwa sababu tulipohesabu waliokuwa wanacheza kwenye kiwanja chetu cha shule, wasichana walikuwa karibu hawamo. Si kwamba hawakutaka. Walikuwa wanafika wamechelewa, kwa sababu kabla ya kucheza wanatumwa maji, na wakifika mstari umekuwa mrefu, na kabla zamu yao haijafika giza linaingia. Mstari ulionekana wa haki, kumbe ulikuwa unawapendelea wasiotumwa.

Dawa tuliipata kwenye bomba la maji. Pale bombani, wamama, bidoni inasimama mahali pa mwenyewe. Unaweza kwenda kumnyonyesha mtoto, ukarudi ukaikuta bidoni yako imesogezwa mbele na wenzako, na hakuna anayekunyang'anya nafasi. Sasa na kiwanjani ni hivyo. Msichana anayetumwa maji anaacha jiwe lenye alama yake kwenye mstari, na wenzake wanalisogeza. Adabu hiyo haikutoka Uskoti. Ni yenu.

Kila kiwanja na kiboko wake

Kijana alitusimulia pia habari ya Jinja, Uganda, mahali ambapo mto Nile unatoka katika ziwa Victoria. Kiwanja cha gofu cha pale kiko karibu na maji, na viboko walikuwa wanapanda usiku kula majani. Mguu wa kiboko unaacha shimo kubwa. Basi klabu ya pale inajulikana kwa sheria yake ya nyumbani: mpira ukianguka kwenye alama ya mguu wa kiboko, unauondoa kwa mkono bila kuadhibiwa.

Watoto walicheka sana. Sisi tuliona ndani yake somo. Sheria nzuri inatazama mahali ilipo. Munigi hatuna viboko, lakini tuna lava ya 2002, na ile ya Mei 2021 iliyoshuka hadi Buhene, na nyufa zake. Kwa hiyo tukaweka sheria yetu: mpira ukiingia kwenye ufa, kwenye shimo au kwenye bonde usilolijua, mpira huo umekufa. Haufuatwi. Wale wenye ndugu upande wa ziwa, kuelekea Sake, wawaambie watoto habari ya mazuku pia. Ni hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, inalala chini kwenye mabonde, na mtoto mfupi anayeinama kuokota kitu anaivuta kabla ya mkubwa aliyesimama. Mpira wa matambara unashonwa mwingine jioni hiyo hiyo.

Mchezaji anajishitaki mwenyewe

Kulibaki swali la jiwe. Nani alipiga?

Kijana alikusanya watoto wote kiwanjani, akawaeleza kwamba katika gofu mara nyingi hakuna mwamuzi anayekufuata. Ukikosa, unajishitaki. Akawasimulia habari ya Bobby Jones. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani, Jones aliona mpira wake umesogea kidogo alipokuwa anajiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akajihesabia pigo moja la adhabu. Mwishoni alilingana na mwenzake Willie Macfarlane, wakarudia kucheza wawili tu, na Jones akashindwa. Bila pigo lile angekuwa amechukua kikombe.

Siku ile hakuna mtoto aliyesema kitu. Kesho yake, kabla ya kengele, mvulana mmoja wa kelasi ya tano alikuja kusimama mlangoni pa ofisi. Hakuwa yule aliyetajwa. Alisema: "Mwalimu, jiwe lilikuwa langu. Niliogopa." Hatukumpiga. Tulimpeleka kwa mama yake, kisha sote watatu tukaenda kwa mama wa msichana. Mama wa mvulana alilia kwa haya, lakini alikubali kulipa gharama ya kituo cha afya, kidogo kidogo, kwa majuma manne.

Lakini kazi iliyo ngumu zaidi ilibaki kwa mama wa msichana. Alikuwa amemtaja mtoto asiye na kosa mbele ya mtaa mzima. Kutoka mlango wake hadi mlango wa jirani ni hatua kama ishirini. Zilimchukua siku tatu. Siku ya tatu, jioni, alienda na franga zake za likelemba mkononi, akasema, "Mama, nilikukosea wewe na mtoto. Na zamu yako hii hapa." Hawajarudi kuwa marafiki kama zamani, hatutawadanganya. Lakini wanasalimiana, na likelemba inatembea.

Mambo ya kufanya nyumbani

Wamama, mchezo huu hauhitaji kiwanja cha Kampala. Fagieni mahali padogo mbele ya nyumba, ondoeni changarawe, chimbeni shimo la mkebe mmoja. Mpira uwe wa matambara au wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Jiwe kamwe. Kijiti kiwe kifupi, kisipite kiuno cha mtoto, na kisiinuliwe kupita goti. Kisha mfundishe maneno matano kabla ya kumpa kijiti: tazama, subiri, zunguka, okota, rekebisha. Mkubwa mmoja akae karibu, hata kama anachambua maharagwe.

Mkiwa na watoto wengi, chora mstari chini kwa mkaa. Anayepiga anasimama upande mmoja, wengine wote upande mwingine. Anayevuka mstari kabla ya mwenzake kumaliza anapoteza zamu, hata akiwa mtoto wako wa mwisho unayempenda sana. Na mtoto aliyetumwa kazi asipoteze nafasi yake.

Shuleni kwetu vijiti vimerudi, kumi tu, na vinalala ofisini. Siku ya posho iliyopita, baada ya salongo, tulimwona msichana mwenye kovu akifika na bidoni yake, akiitua pembeni, akienda moja kwa moja hadi kwenye jiwe lake mstarini. Lilikuwa limeshasogezwa hadi la pili. Zamu yake ilipofika alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama pembeni. Akamwambia mdogo mmoja aliyekuwa amekaribia sana: "Rudi nyuma kwanza, nisikuumize."

Mpira haukuingia mkebeni. Aliuokota mwenyewe, akafukia kishimo kwa kidole cha mguu, akampisha mwingine.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya madaftari na mwanga wa kusomea usiku. Wenye mtaa wenye sheria nyingine za kiwanja cha watoto, mtuletee siku ya mkutano, tuziongeze kwenye zetu.